Mwaka wa Kimeo

Zainabu alizikwa Jumatano, mimi nikafika Alhamisi, kwa sababu habari ilinikuta Itigi na miguu yangu siku hizi haitaki kuharakishwa. Nikakuta wanawake wamekaa uani kwake, upande wa Ziwa Kindai, wanachambua mchele wa hitima, nikapewa ungo na nafasi kwenye mkeka. Kama kawaida yangu sikusema kitu. Jirani yangu alikuwa mama mdogo wa umri, mke wa mjukuu wa Zainabu, amempakata mtoto wa kiume anayekohoa kikohozi kikavu kisichokwisha, kile cha kumfanya mtu mzima naye asafishe koo bila kutaka. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa anamenya vitunguu akasema, hata macho hakuinua, kwamba mtoto huyo ana kimeo, wasipoteze muda na dawa za chupa, yupo mzee huko nje ya mji anakata vizuri na haraka. Mwingine akaongeza kwamba wa kwake alikatwa asubuhi na jioni akala ugali. Mama mdogo akauliza kama inauma sana. Wakamcheka, wala si kwa ubaya, kama wanavyochekwa wote wenye mtoto wa kwanza. Nami nikajikuta nimeacha mchele, nimejishika koo.

Labda atakayesoma hapa hakukulia kwetu. Kimeo ni ile nyama ndogo inayoning'inia mwisho wa kinywa, juu ya koo, ambayo vitabu vinaiita kidakatonge. Kwetu, mtoto akikohoa muda mrefu, watu husema kimeo chake kimerefuka na kinamtekenya koo, na dawa ni kukiondoa. Wakati wa utoto wangu ilikuwa jambo la nyumba kwa nyumba, kama kunyoa. Nilikua nikijua kwamba nami nilikatwa nikiwa bado nanyonya. Bibi alikuwa akinieleza hivyo kila nilipokaa kimya mbele ya wageni: "Huyu mke mwenzangu tulimkata kimeo, labda na maneno yalitoka nacho." Wageni wanacheka, mimi naangalia vidole vya miguu. Ukweli ni kwamba maelezo yale yaliniridhisha. Mtu mwenye haya hupenda kuwa na sababu.

Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha pili, katika shule ya wasichana yenye mabweni mawili ya bati na shamba la alizeti tulilolilima wenyewe, maana ilikuwa miaka ya kujitegemea na hatukuruhusiwa kula tusichokitolea jasho, ingawa jasho letu halikutosha na maharage yalikuwa yanatoka kwingine. Kila jioni kabla ya taa kuzimwa niliandika kurasa moja mbili za mambo ya siku hiyo: nani kapigana na nani kwenye foleni ya maji, mama mpishi kasema nini, upepo umeingiza vumbi kiasi gani kwenye uji. Zainabu, ambaye kitanda chake kiliungana na changu, alikuwa akisema, "Wewe Agata, ukifa wewe watu watajua baada ya wiki, kwa sababu daftari limeacha kuandikwa." Yeye alikuwa hanyamazi. Alisema hata usingizini, kwa Kinyaturu na Kiswahili vimechanganyika, na asubuhi anakuuliza wewe alikuwa anagombana na nani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliitwa Mwalimu Hamisi, mtu wa Tanga, kijana, mwenye sauti ambayo nilikuwa naisikiliza hata asipokuwa anafundisha. Nilijua hatua zake na kikohozi chake cha kusafisha koo, na hilo sikuliandika popote. Siku moja alichora ubaoni kichwa cha mtu kilichopasuliwa katikati, upande mmoja, bila macho. Akatutajia ala za matamshi: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, na mwisho wa kaakaa laini akachora kitone kinachoning'inia. Hiki, akasema, ni kidakatonge. Akaeleza kwamba tunapotamka p au b, kaakaa laini linainuka pamoja na kidakatonge chake na kuziba njia ya puani. Tunapotamka m au n linashuka, hewa inapita puani. Akatuambia tubane pua kwa vidole tutamke majina yetu. Darasa zima likawa linasema upuuzi. Mwenye jina la Neema akawa anatoa "Deeba," Zainabu akacheka mpaka akaanguka kwenye dawati, na mimi, kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi na hakuna wa kunisikia, nikabana pua yangu nikajaribu kila neno nililolijua.

Halafu Neema akanyoosha mkono. Akauliza, mwalimu, hicho si ndicho kimeo?

Mwalimu Hamisi hakulijua hilo neno. Ikabidi wasichana wamweleze, mmoja akianza na mwingine akimalizia, kwamba ni ugonjwa wa watoto na kwamba hukatwa. Akasema hapana, si ugonjwa, ni kiungo, kila mtu anacho. Wakamwambia sisi hatuna. Akatabasamu kama mtu anayetaniwa, akasema basi waliokatwa wanyooshe mikono. Mikono ikaenda juu karibu darasa zima, pamoja na wangu. Akasimama na chaki yake, anatutazama sisi, anatazama kichwa chake cha ubaoni, anatutazama tena. Mwisho akasema taratibu, "Na nyote mnasema mama, na nyote mnasema baba." Akakaa. Sikuwahi kumwona mwalimu akikaa katikati ya somo. Akasema atakwenda kusoma zaidi, na somo likaishia hapo, akatuacha na mchoro.

Jioni ile bweni lote lilikuwa vinywa wazi. Zainabu alikuwa na kipande cha kioo, na kila aliyetaka alisimama dirishani wakati jua bado lipo, mwenzake anamwangalia. Zainabu mwenyewe alikuwa nacho, baba yake hakutaka akatwe, na alijivuna nacho kama hereni. Mimi nilikataa. Wakanitania, wakasema Agata anaogopa nzi wataingia, hawajawahi kuona mlango huo umefunguliwa. Walipochoka na kutoka kwenda kunawa, Zainabu akanivuta dirishani na kunishika kidevu kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Akatazama kwa muda. Akasema, "Unacho." Nikamwambia haiwezekani. Akanipa kioo. Nikaona, nyuma kabisa, kitu kidogo chekundu kinatetemeka kwa pumzi yangu. Nilishtuka kama nimekuta mtu ndani ya nyumba niliyodhani iko tupu. Zainabu akasema kitakuwa kimeota tena, kwa sababu watu walisema huota, hata bibi yake alimjua mtu aliyekatwa mara tatu. Nikakubali. Lakini kuanzia siku ile sikutulia. Nilikuwa nikimeza mate ili nikisikie. Usemi wa Bibi ulikuwa umeondoka chini yangu, na sikujua tena kwa nini sisemi.

Labda ndiyo sababu, Mwalimu Hamisi alipokuwa anatafuta wa kughani ngonjera za Sabasaba, sikujificha nyuma ya Neema kama siku zote. Ngonjera ile ilikuwa ya watu wawili wanaobishana, mmoja hataki kuhamia kijiji cha ujamaa na mwingine anamshawishi, na wageni wa chama na serikali wangekaa mbele kabisa, kwenye viti vyenye mito. Kila mmoja alisimama akasoma beti mbili na mwalimu akiwa amesimama mwisho wa uwanja, karibu na banda la nguruwe. Zamu yangu ilipofika nilisoma nikiwa nimefumba macho. Nilipofumbua alikuwa anatembea kuja kwetu. Akasema wengine wote aliona midomo yao, mimi peke yangu alinisikia. Akanipa sehemu ya yule anayebisha. Kwa majuma yaliyofuata nilitembea na beti zile kila mahali, shambani, chooni, kwenye foleni ya maji, mimi ambaye nilishindwa kumwambia mama mpishi kwamba sahani yangu haina mboga. Niliitaka siku ile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Hata sasa, nikisikia spika inajaribiwa uwanjani, moyo wangu unaanza kwenda mbio za mwaka ule.

Ndipo upepo wa kiangazi ukaja, na vumbi, na kikohozi. Mwanzoni kilikuwa cha usiku, kisha cha mchana, kisha nikawa siwezi kumaliza ubeti mmoja. Matroni akanisikiliza kifua, akasema nitawaambukiza wenzangu, niende nyumbani, nirudi nikishapona. Mwalimu Hamisi akaniambia nafasi yangu itanisubiri mpaka itakaposhindikana kusubiri. Zainabu akanifungia vitu vyangu, akanong'ona, "Wasikuguse koo." Nilikuwa sijalifikiria. Njia nzima mpaka kwetu, upande wa Sepuka, sikufikiria kingine.

Nyumbani kwetu ilikuwa tembe, nyumba ya udongo ya paa tambarare, na tembe ina giza hata saa sita mchana. Mwanga unaingia mlangoni tu, nao unafika mpaka kwenye mawe ya kusagia na kuishia hapo. Baba alikuwa kazini Itigi, relini. Tulikuwa mimi, Mama na Bibi, na kuku waliolala ndani. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na kwa ajili ya kikohozi nilipewa asali ambayo Baba aliileta likizo, kijiko kimoja kwa wakati. Niliulizwa habari za shule, nikajibu nzuri. Baada ya chakula Mama aliniambia nikapumzike, nikalala nyuma ya kile kiambaza cha udongo kinachotenga vyumba, ambacho hakifiki juu, na kila neno la upande wa pili lilinifikia kama limesemwa kwenye mto wangu.

Bibi alikuwa anasema kimeo kimeota. Alisema alijua tangu nilipoingia mlangoni. Mzee Ntandu bado yupo, mkono wake hautetemeki, aitwe. Mama akasema labda tungojee. Bibi akauliza tungojee nini. Mama akasema mtoto ni mkubwa sasa, ana shule yake. Bibi akasema koo halijui shule. Kisha nikasikia Mama anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa, kijiko kinazunguka kwenye chungu, kinazunguka. Nilimfahamu Mama kuwa mtu wa kukubali. Kunyamaza kwangu, kama kulirithiwa, kulitoka kwake. Nikahesabu kwamba hakuna mtu katika nyumba ile wa kusema hapana.

Asubuhi yake nikajaribu mimi. Nilimkuta Bibi anapepeta uwele, nikamwamkia, nikapiga magoti karibu naye na kuanza kumweleza kichwa cha ubaoni. Nilisema kidakatonge ni kiungo, kina kazi, kinapanda na kushuka, hewa ya m inapita puani na hewa ya b inapita mdomoni, nami nina ngonjera, nikikatwa sasa kidonda hakitapona kabla ya Sabasaba na pengine sauti itabadilika. Sijawahi kumwambia Bibi maneno mengi kiasi kile kwa mara moja. Nilikohoa katikati, ikaniharibia. Yeye akaendelea kupepeta, akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akafungua kinywa chake, kikubwa, kisicho na meno ya mbele, akanionyesha. Hakukuwa na kitu kinachoning'inia. Akafunga.

"Mimi sinacho," akasema. "Na babu yako nilipomwita alikuwa anasikia mpaka malishoni."

Hilo hata Mwalimu Hamisi asingeweza kulijibu.

Mzee Ntandu alikuja siku ya pili, jua likiwa limepanda kiasi cha kuingia mlangoni. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kofia ya sufu, na aliniitikia shikamoo yangu kwa kuuliza habari za masomo kama mtu aliyetaka kujua kweli. Bibi alikuwa ameshamfungia kuku wake wa ujira, jogoo mwekundu, mguu kwenye kigingi. Mzee akafungua kifuko cha ngozi, akatoa kijiti cha kukandamizia ulimi na kisu chembamba chenye ncha iliyokunjwa kama mundu mdogo, akaviweka juu ya jani la mbono. Nikakalishwa kizingitini, uso kwenye jua. Bibi akanishika kichwa kwa nyuma, mikono yake inanuka ugoro. Mama alisimama ndani, gizani, nilimjua kwa weupe wa kanga tu. Mzee akaniambia nipanue. Nikapanua. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni. Akakandamiza ulimi, akainamisha kichwa huku na huku, akatazama kwa muda mrefu kuliko Zainabu. Kisha akatoa kijiti.

"Huyu hajakatwa," akasema.

Bibi akasema kimeota. Mzee akasema kilichokatwa kikiota kinakuwa na kovu, na hiki hakijapitiwa na chuma. Bibi akasema haiwezekani, yeye mwenyewe alimtuma mkwewe na mtoto mgongoni, na mkwewe alirudi na damu kwenye kanga. Akageuka na kutazama ndani ya nyumba.

"Mama Agata. Siku ile nilikutuma wapi?"

"Kwa Mzee," sauti ya Mama ikajibu.

"Ukafika?"

"Sikufika."

Akaja mpaka mlangoni, kwenye mwanga. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha lile kovu la kidole ambalo maisha yangu yote niliambiwa ni la mundu wa kuvunia. Alisema alikaa porini mpaka jua likageuka, akanikata kucha, akanyonyesha, akajikata kidole na kuipaka kanga damu, akarudi. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza alivyopika. Bibi akaniachia kichwa. Akamuuliza kwa nini, na nadhani aliuliza kwa kweli, hakujua.

"Wa kwanza nilifika naye," Mama akasema. "Nilirudi na kanga tu."

Jogoo akavuta kamba. Bibi akasema kwa sauti ndogo kwamba yule alikuwa na kikohozi, kila mtu alisema ni kikohozi. Mama akasema, "Ninyi mlisema kikohozi. Mimi ndiye nilikuwa nimembeba." Kisha akalitaja jina. Alikuwa analia sasa, pua imeziba, na jina likatoka bila m na bila n, kama yetu yalivyotoka siku ile tulipobana pua darasani, na bado nililisikia lilivyo. Monika. Kulikuwa na mwanamke mmoja mzee pale kwetu aliyekuwa akimwita Mama jina hilo, Mama Monika, na mimi nikidhani ni uzee, anamchanganya na mtu mwingine. Mama alikuwa anaitika kila mara. Sikuwahi kujiuliza kwa nini anaitika.

Mzee Ntandu alirudisha vitu vyake kwenye kifuko, kimoja kimoja. Akaomba maji, akanywa yote, akarudisha kibuyu. Hakumtazama yule jogoo. Alipofika kwenye uzio alisimama, akavua kofia, akasema, "Mama Monika, kwaheri," akaenda zake. Bibi alibaki amekaa kizingitini mpaka kivuli kikamfikia. Chakula cha mchana alipika yeye, akampakulia Mama kwanza, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mama alinipeleka zahanati ya masista, tukatembea yeye mbele mimi nyuma, nikachomwa sindano ambazo bado nazikumbuka nikikaa vibaya. Kikohozi kiliondoka taratibu, kama mgeni anayeaga mara nyingi. Sabasaba ilipita nikiwa bado nyumbani. Niliisikia redioni kwa jirani, ile ya Dar es Salaam, na beti zangu zote zikanijia mdomoni, nikazighani peke yangu nyuma ya zizi, mbele ya ndama. Niliporudi shule niliambiwa Zainabu ndiye aliyenishikia nafasi, na kwamba alibisha vizuri sana mpaka mgeni mmoja akasimama kumjibu. Nilimchukia kwa muda wa kama jioni mbili. Yeye akalala kitandani kwangu bila kualikwa, akaniuliza kama walinigusa koo. Nikamsimulia yote, kwa mdomo, si kwa kuandika. Nilianza na sikuweza kuacha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue Zainabu alinyamaza. Mwalimu Hamisi alikuwa ameshasoma zaidi. Alituambia kwamba bado hajui kazi zote za kile kitone, na kwamba alichokuwa nacho siku ile ni mchoro tu. Baadaye alihamishwa. Sauti yake nikaisahau, kitu ambacho nisingeamini wakati ule.

Mtoto akakohoa tena. Yule wa vitunguu akawa anaeleza nyumba ya huyo mzee ilipo, upite gulioni, uulize. Mama mdogo alikuwa anasikiliza kwa makini, anarudia maelekezo kwa midomo bila sauti, na mimi nikaijua ile midomo. Nikaweka ungo chini. Nikamwomba mtoto, akanipa. Nikamgeuza kwenye jua, nikamwambia aseme aaa, akasema, mtoto mzuri, na nyuma kabisa nikakiona, chekundu, kinatetemeka.

"Umekiona kilivyorefuka, bibi?" yule wa vitunguu akauliza.

Nikasema nimekiona. Nikasema mtoto apelekwe hospitali ya mkoa asubuhi, nitakwenda naye mimi mwenyewe na miguu yangu hii. Wakanitazama, wengine nadhani walikuwa hawajasikia sauti yangu tangu nifike. Wakangoja sababu. Nilikuwa na maneno mengi, ya ubaoni na ya baadaye, kaakaa na hewa na damu, na hakuna hata moja lililokuja.

"Nilikuwa na dada," nikasema.

Moshi wa kuni ulikuwa umegeukia upande wetu, nami nilikuwa nimelia tangu asubuhi kwa ajili ya Zainabu. Nikalitaja jina la dada yangu. Likatoka kama lilivyotoka siku ile kizingitini, limeziba, halina m wala n. Mama mdogo hakuuliza ninasema nini. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamfunika mdomo kwa kiganja, akamgeuzia uso kifuani.